Vikadi vya Mheshimiwa

Nilimjua kwa kugonga kwake kabla sijamjua kwa sura. Aligonga mara tatu, si kwa nguvu, kisha akarudi nyuma hatua mbili na kusimama mikono yake ikionekana. Ukichungulia kwenye kile kitundu cha mlango ulimwona mzima, kuanzia kofia ya sufu mpaka viatu vya theluji. Katika maghorofa yetu ya Scarborough, hapa Toronto, anayegonga bila kupiga simu kwanza ni mtu wa kuleta mizigo, mtu wa dini au polisi. Yeye hakufanana na yeyote kati ya hao, na ndiyo maana mara ya kwanza sikumfungulia.

Mara ya pili alifungua binti yangu Rehema. Wakati huo alikuwa na miaka tisa, anaelewa Kiswahili chote na kujibu chote kwa Kiingereza. "Who is it?" akauliza. Mzee akamwambia yeye ni jirani wa ghorofa ya kumi na moja, mama yupo? Rehema akamwambia kwa Kiingereza aingie. Hakuingia. Alibaki palepale koridoni, akasema kwa upole kwamba atangoja mpaka asikie neno la kumkaribisha. Nilikuwa jikoni mikono imejaa unga, nikamnong'oneza mtoto, naye akalitoa kama mtu anayetema mbegu ya ndimu: "Karibu." Mzee akavua viatu, akaingia, na kwa kweli hakutoka tena maishani mwetu.

Watu wote walimwita Mheshimiwa, na kwake halikuwa jina la utani. Kwa mihula minne ya miaka miwili miwili alikuwa mjumbe wa Baraza la Wawakilishi la jimbo moja la Marekani, la huko kaskazini, lenye theluji nyingi kuliko hii yetu. Ndiyo, Mtanzania, kwa lafudhi ileile aliyokuja nayo ukubwani, akichaguliwa na watu ambao wengi wao hawakuwahi kuona mtu mweusi kwenye baraza zao. Mke wake alipofariki, binti yake aliyekuwa akiishi Toronto alimwombea ukaazi, akamleta huku. Alifika na sanduku moja la nguo na maboksi sita ya viatu ambayo hayakuwa na viatu.

Hayo maboksi ndiyo yalikuwa maisha yake. Ndani yake mlikuwa na vikadi vyeupe, maelfu, kila kimoja na mlango mmoja. Jina la mtu, la mkewe, la mbwa wake, mguu upi unamuuma, mtoto gani yuko jeshini, na kwenye kona ya chini alama ya kama atampigia kura au la. Alipovuka mpaka, ofisa wa forodha alifungua boksi moja akamuuliza ni nini hii. Akamjibu, "Majirani zangu." Ofisa akafungua la pili, akakuta majirani wengine, akamruhusu apite.

Nilipenda sana kumsikiliza akisimulia habari za huko, na mpaka leo nikizikumbuka mwili unanisisimka. Alianza kampeni yake ya kwanza katika mji mdogo wa kiwanda cha karatasi, Januari, bila gari la maana. Watu walifungua mlango wakidhani anauza kitu. Mzee mmoja mwenye mbwa mkali alimwambia hana haja ya ufagio. Mheshimiwa akachuchumaa, akazungumza naye habari za masikio ya mbwa kwa dakika ishirini, akaondoka bila kutaja uchaguzi. Kesho yake mzee huyo alimfuata barabarani na gari lake la kubebea kuni, akamwambia panda, na akamwendesha mpaka siku ya kura. "Hakuwahi kuniambia kama alinipigia," Mheshimiwa alisema, "lakini alipaka boneti lake rangi ya mabango yangu."

Kwa miaka yote minane alipitisha sheria moja tu iliyokuwa yake peke yake, na ilikuwa ya ukurasa mmoja. Magari ya kusukuma theluji yalikuwa yakiilundika kwenye vituo vya mabasi ya shule, watoto wakawa wanasubiri basi wakiwa wamesimama katikati ya barabara. Sheria ilisema: pasafishwe. Basi. Ilimchukua miaka mitatu. Wenzake walimcheka, wakamwita mbunge wa koleo, naye akawachekea huku anahesabu. Alijua nani atasema ndiyo, nani atasema hapana, nani anangoja kuona mwenzake amesema nini. Siku ya kura alisimama akaomba hoja yake isogezwe mpaka Alhamisi. Spika akamuuliza sababu, akasema anayo lakini si ya kutangazwa. Sababu ilikuwa jino. Mjumbe mmoja wa upande wake alikuwa kwa daktari anang'olewa gego, na bila huyo hesabu ilipungua kwa mmoja. Alhamisi mwenye jino akarudi, shavu limevimba, hawezi hata kuzungumza, akabonyeza kitufe, sheria ikapita. Nakala yake ilitundikwa jikoni kwa Mheshimiwa juu ya friji, na kila mgeni alisomeshwa kabla ya kupewa chai.

Kiti hicho hakukipoteza kwa kashfa. Walichora upya mipaka ya majimbo ya uchaguzi, kama wanavyofanya kila miaka kumi, na mstari ukapita katikati ya mji wake. Nusu ya milango yake ikawa ya mtu mwingine, akapewa badala yake mashamba ambayo hakuwa na kikadi chake hata kimoja. Alizunguka mashamba hayo mpaka goti likajaa maji. Alishindwa. Hilo alilisimulia kwa ufupi sana, na lilikuwa jambo pekee alilolisimulia akiwa amekaa.

Sasa nisije nikampaka mafuta, maana Mheshimiwa alikuwa mtu wa kuchosha. Tulimweka kwenye kamati ya harusi ya mtoto wa jirani, siku ya kwanza akauliza akidi ni wangapi. Tulikuwa saba, kamati ina watu kumi na tano. Akasema hatuwezi kuamua chakula. Mwenye harusi akamwambia, "Mheshimiwa, ni pilau, kuna nini cha kuamua?" Akasema pilau ni hoja, hoja inahitaji akidi. Tukakaa pale tukiwapigia watu simu mmoja mmoja mpaka wa nane akatokea na mtoto mgongoni, ndipo pilau ikapita bila kupingwa. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, lakini nyumbani nilimwambia mume wangu kwamba mzee yule ana kichaa.

Alichukia hotuba ndefu, akisema mtu akizidisha dakika mbili anajisikiliza mwenyewe, lakini kwenye simu angeweza kukushika saa nzima. Alivaa beji ya bunge lake kwenye koti hata akienda kununua ndizi mtaa wa pili, Agincourt. Aliamini kazi yote duniani ianzie juu: kwenye jengo lolote alipanda lifti mpaka ghorofa ya mwisho, akashuka kwa ngazi akigonga, kwa sababu mtu anayepanda, alisema, hutafuta sababu ya kuacha. Na kila mkaazi aliyekaa miaka ya kutosha alimsumbua achukue uraia. Alikuwa na fomu mfukoni. Lakini ukimuuliza yeye mwenyewe hapa Toronto anapigia kura wapi, alikumbuka chai aliyoacha jikoni, akaondoka. Sisi tulidhani ni mambo ya siri ya wanasiasa, hatukumchokonoa.

Yaliyonifunga naye yalianzia kwenye darasa. Kwenye shule ya msingi ya mtaa wetu kulikuwa na darasa la Kiswahili kila Jumamosi asubuhi. Watoto wa Kitanzania, wa Kikenya, wa Kongo na Burundi, kila mmoja na Kiswahili cha kwao, na mwalimu mmoja wa kujitolea aliyewavumilia wote. Rehema alikuwa anaanza kusema sentensi nzima. Halafu ikaja barua moja tu kwamba chumba kinahitajika kwa shughuli nyingine, na darasa likafa. Tuliandika, hatukujibiwa. Uamuzi wa mambo hayo uko kwenye bodi ya shule, na watu wa bodi huchaguliwa kwa kura pamoja na meya na madiwani, ila watu wengi hawajui hata kuwa nafasi hiyo iko kwenye karatasi ya kura.

Tulikutana ukumbini chini ya jengo letu, watu kama thelathini, hasira tele. Mheshimiwa alingoja kila mtu amalize kufoka, akasimama, akauliza swali moja.

"Nani atasimama kugombea?"

Nikasema, mimi na mdomo wangu, kwamba anayefaa ni mtu mwenye shahada, mwenye muda, mwenye Kiingereza cha kunyooka. Mimi ni mtunza wazee, nawaogesha na kuwalisha watu wa kwenye nyumba ya wazee, zamu tano kwa wiki.

"Raia wewe?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Unaishi hapa?"

"Unajua ninapoishi, Mheshimiwa."

"Basi hayo mengine ni mapambo."

Na hivyo ndivyo nilivyoingia siasa, nikiwa bado nimevaa sare ya kazi.

Jamani, raha ya ile kampeni ya kwanza. Sijawahi kuchoka vile wala kufurahi vile. Mheshimiwa alinunua vikadi vipya, akanifundisha kugonga: mara tatu, hatua mbili nyuma, mikono ionekane. Alinikataza kuanza na mimi ni nani. "Anza na yeye ni nani," alisema. Kila nikitoka zamuni nilimkuta ananingoja chini na boksi la viatu kwapani, macho yanang'aa, mzee wa miaka sabini na kitu kama mtoto siku ya Idi.

Tatizo letu likawa chai. Marekani, alisema, aligonga milango arobaini kwa alasiri moja, watu wakazungumza wakiwa wamesimama. Kwetu sisi, unamwachaje mzee koridoni? Kila mlango ulikuwa ni karibuni ndani, shikamoo, kaeni, na sambusa juu. Tukimaliza milango minne tumeshiba na giza linaingia. Alilalamika kila siku na hakukataa sambusa hata moja.

Na kila nyumba mwishoni aliuliza swali lake la bunge: "Tukutegemee?" Na kila nyumba ilijibu jibu moja. Mama Furaha, jirani yangu wa Kongo anayefanya kazi kiwandani, alimshika mikono yote miwili akasema, "Mheshimiwa, usikuwe na wasiwasi, siye wote tuko pamoja." Mkenya mmoja dereva akasema, "Mzee, hiyo imeisha, tuko pamoja." Mheshimiwa akaweka alama ya ndiyo. Boksi likajaa ndiyo. Wiki ya mwisho alinihesabia mbele ya mume wangu, akasema katika maisha yake hajawahi kuona hesabu nzuri namna hii, na kwamba nianze kufikiria la kusema siku ya kuapishwa. Nilinunua gauni.

Nilishindwa. Tofauti ilikuwa kama watu wa ghorofa tatu za jengo letu, si zaidi.

Siku tatu hakugonga kwetu. Nilidhani ananilaumu, nami nilikuwa na hasira zangu, kwa sababu niliona aibu kupita kwenye ukumbi wa chini nikiwatazama watu walioniambia tuko pamoja. Siku ya nne nikapanda mwenyewe ghorofa ya kumi na moja. Nilimkuta ametandaza vikadi vyetu mezani, anavipitia kimoja kimoja kwa kalamu nyekundu. Alikuwa amezunguka tena kote, kimyakimya, akiuliza kulikoni. Na kwa sababu sasa hapakuwa na kitu cha kuomba, watu walimweleza ukweli. Theluthi nzima hawakuwa raia. Walikuwa na ukaazi tu, au walikuwa bado wanasubiri karatasi za ukimbizi. Wengine walikuwa zamuni, wengine hawakujua kituo. Na hakuna aliyethubutu kumwambia mzee aliyekuja mpaka mlangoni, akavua viatu, akanywa chai, kwamba hapana, siwezi.

"Sasa si ungewauliza tu mapema?" nikamwambia, na sauti yangu ilikuwa kali kuliko nilivyokusudia. "Mimi uliniuliza siku ya kwanza mbele ya watu. Raia wewe? Kwa nini wao hukuwauliza?"

Aliweka kalamu chini. Akakaa, na nilishajua akikaa ni kitu gani.

"Wewe niliwahi kuona pasipoti yako, nilijua jibu. Wao sikuwauliza, Mama Rehema, kwa sababu wangeniuliza na mimi."

Nikawa simwelewi. Akaniambia hajawahi kupiga kura Toronto hata siku moja. Hana uraia wa hapa. Alikwisha kutimiza miaka ya kuomba zamani sana, binti yake akamjazia fomu mara mbili, mara mbili akaiacha kwenye droo. Alisema aliuacha uraia wa Tanzania ili aape wa Marekani, na ule wa pili ndio uliompa milango yake. Kuapa mara ya tatu kulikuwa kukubali kwamba ile milango haitarudi. Alikuwa akitembea na fomu za watu wengine mfukoni, akiwahimiza, na usoni mwake akificha kitu kilekile walichokuwa wakimficha wao.

"Tumekunywa chai pamoja, kila mtu na aibu yake," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa na kazi ya kuitoa ya kwangu kwanza. Nimekupotezea kiti, mwanangu. Nisamehe."

Nililia, nasema wazi. Sikulia kwa ajili ya kiti. Sikuwahi kusikia mzee wa kwetu akimwomba radhi mtu wa umri wangu bila kuweka lakini.

Asubuhi iliyofuata alipeleka fomu. Sisi tulioona uzee wake tulidhani atakwenda polepole, kumbe tulikuwa hatujamjua. Alikisoma kitabu cha historia ya Kanada kuanzia jalada mpaka jalada, akawa anatupima sisi kwenye lifti. Alipoarifiwa kwamba kwa umri wake halazimiki kufanya mtihani alinuna wiki nzima, akasema wamemnyima haki. Siku alipoapa, binti yake alitutumia picha: kanyoosha mkono, koti lina beji ya bunge la Marekani, na chini yake kabandika kijibendera cha Kanada kidogo kama ukucha.

Nikasimama mara ya pili. Miaka minne ilikuwa imepita, darasa bado limefungwa, Rehema keshakuwa mrefu kunipita. Safari hii tulikwenda vingine kabisa. Mlango ukifunguliwa Mheshimiwa hakusubiri chai. Alitoa cheti chake cha uraia kwenye mfuko wa nailoni, akakiinua kifuani na kusema, "Mimi nimeapa juzi juzi tu, baada ya kuogopa miaka mingi. Wewe uko wapi na safari hii?" Ungeona nyuso. Mabega yalishuka. Wanaume wazima waliokuwa wakinikwepa kwenye lifti walianza kusema: mimi bado, mimi faili limekwama, mimi niliogopa mtihani. Aliyekuwa bado akaandikiwa bado na kupewa fomu, na wengi wa hao bado wakageuka kuwa wagongaji wetu, wanapeleka habari kwa wenye kura. Jengo letu likachangamka hata mtu asiyejua angedhani kuna harusi.

Swali la "tukutegemee" alilifuta. Alinifundisha kitu kipya, na alikuwa anajifunza pamoja nami, jambo lililomfurahisha sana katika umri ule. Jibu la haraka hatuliandiki. Tunaandika swali. Mtu akisema tuko pamoja, acha kona wazi. Akiuliza, weka alama.

Basi tulipofika kwa Mama Furaha, alianza na wimbo wake. "Siye wote tuko pamoja, Mheshimiwa." Mheshimiwa akamtazama tu, cheti kifuani. Mama Furaha akasitasita, akashusha sauti. "Mi niko na uraia tangu mwaka ilipita. Lakini ile barua ya vote haikufika. Banaweza kuniacha nipige bila ile barua? Na batoto, nitabaacha na nani ile saa?" Mheshimiwa akanigeukia kana kwamba amepewa zawadi. "Andika," akasema. "Huyu anakuja."

Kiangazi kilipokwisha, goti lake la yale mashamba lilimwishia. Akawa hatoki, anapokea taarifa akiwa kochini na kufoka tukileta alama za ovyo. Tulisikia pia kwamba binti yake amenunua nyumba Richmond Hill, nje ya mipaka ya Toronto, na wanahama, lakini kila wiki tuliwaona wapo. Sikuuliza. Nilikuwa na milango yangu.

Siku ya kura ilikuwa Jumatatu ya Oktoba yenye mvua nyembamba ile isiyoisha. Nilichukua likizo kazini, nikashuka jengo letu kutoka juu, nikiwatoa watu nyumbani mmoja mmoja: umeshapiga, bado, vaa koti tutembee. Saa sita mchana nikabaki na kikadi kimoja cha ghorofa ya kumi na moja ambacho sikukumbuka kukiandika. Kilikuwa kwa mwandiko wake. Jina lake, namba ya fleti, goti la kushoto, mjane, binti mmoja. Kona ya chini iko tupu.

Nikapanda. Nikagonga mara tatu, nikarudi nyuma hatua mbili.

Alifungua mwenyewe, amevaa koti na kofia tayari, akanitazama kama hajawahi kuniona duniani. Nyuma yake sebule ilikuwa na maboksi mpaka dirishani, mazulia yamekunjwa, na ukutani kule jikoni juu ya friji palikuwa na alama nyeupe ya pale ilipotundikwa ile sheria ya ukurasa mmoja.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Leo ni siku ya kura."

"Marahaba. Kituo kiko wapi?"

"Kiko shuleni, Mheshimiwa, palepale penye darasa, unapajua kuliko…"

"Nimekuuliza kituo kiko wapi."

Nikamwelekeza kama ninavyowaelekeza wengine, mlango wa kaskazini, kibao cha njano.

"Kuna ngazi?"

"Mbili tu. Zina pa kushikia."

"Na foleni ikiwa ndefu, kuna kiti?"

Nilijua anachofanya, na bado machozi yalinitoka hapo koridoni. Binti yake akaja kutoka jikoni na roli la gundi mkononi, amechoka kweli kweli.

"Dada, mchukueni leo apige hiyo kura, nawaomba," akasema. "Funguo za Richmond Hill ninazo tangu Agosti. Lori la kuhamia nimelifuta mara tatu. Kila nikimwambia baba twende, anasema mlango wake hauvuki mstari mpaka amalize kazi."

Mheshimiwa alijifanya hasikii. Alikuwa anatafuta fimbo.

Tulitembea naye mpaka shuleni, polepole, mimi mkono mmoja na Rehema mkono wa pili. Alisimama kila mara kumuuliza Rehema jina la mti au la duka, na Rehema akamjibu kwa Kiswahili, mengine kwa kubahatisha. Getini ilinibidi niishie, mgombea haruhusiwi kusogea karibu na kituo. Ndipo nikashindwa kujizuia, nikamuuliza swali tulilolifuta.

"Nikutegemee, Mheshimiwa?"

"Kura ni siri, Mama Rehema," akasema, akaingia ndani na mjukuu wake wa kuazima, ngazi ya kwanza, ngazi ya pili.

Alihama Jumatano. Kiti nilikipata, kwa tofauti ya watu kama ghorofa moja na nusu, na darasa la Jumamosi lilirudi kwenye chumba chake kabla theluji haijayeyuka. Jina lake halimo tena kwenye orodha ya wapiga kura wa kwetu, na kura ile ilikuwa ya kwanza na ya mwisho aliyoipiga katika kata yangu. Kikadi chake ninacho kwenye droo ya ofisini. Kwenye ile kona aliyoniachia sikuandika ndiyo. Niliandika: ameuliza ngazi.